Kiazi Chenye Chumvi

Katika boma la Susu Nzisa, juu kidogo ya soko la Kangundo, udongo ulipikwa kama chakula. Ulichekechwa, ukanyunyiziwa maji, ukawekwa motoni na kuepuliwa ukiiva. Wageni waliofika pale kwa mara ya kwanza waliona moshi, wakaona pipa lililofunikwa kwa gunia, wakadhani kuna sherehe. Wengine walivuta viti wakakaa kusubiri kuandaliwa. Susu hakuwakatiza. Aliendelea na kazi yake mpaka wenyewe wakauliza.

Wayua hakuhitaji kuuliza. Alikuwa mwanafunzi wa gredi ya saba, na tangu mama yake apate kazi Mavoko alikuwa akiishi hapo na bibi yake. Wakamba humwita bibi Susu, na jina hilo lilikuwa limemkaa Nzisa hata watu wasio wajukuu zake wakalitumia. Kila asubuhi Wayua aliwafungulia kuku, akaenda kuchota maji mtoni na punda wa jirani yao, Mzee Masila, kisha akafagia nyumba ya uyoga.

Nyumba hiyo ilikuwa ghala la zamani la kahawa. Ndani yake mlikuwa na vitanda viwili virefu vya mbao vilivyojazwa mboji. Susu alipanda mbegu za uyoga kwenye mboji, na baada ya muda nyuzi nyeupe zilitambaa kote kama utando wa buibui. Hapo kitanda kilivikwa udongo juu, kama mtoto anavyofunikwa blanketi, na kutoka kwenye udongo huo uyoga ulichipuka. Lakini udongo ulitoka msituni, na udongo wa msituni huja na wageni wake wadogo. Ndiyo maana ulipikwa kwa mvuke kwanza.

Hawakuwa na kipimajoto. Walikuwa na kiazi. Susu alifukia kiazi kibichi katikati kabisa ya udongo, akafunika pipa na kuwasha moto. Kiazi kikiiva mpaka ndani, basi udongo nao umeiva. Kikiwa bado kigumu, kuni ziongezwe. Wakulima wote wa kikundi chao cha uyoga walifanya hivyo, na kiazi kililiwa na mwenye pipa.

Jumamosi moja Susu alimkabidhi Wayua moto.

"Kaa hapa," alisema, akifunga leso kiunoni. "Mimi niko shambani, kwenye mikahawa. Kiazi kikiiva, niite."

"Sawa, Susu."

"Si kiive nje tu. Kiive ndani."

"Nimesikia, Susu."

Wayua alikaa. Alichochea moto, akahesabu kuku, akachora chapati kwenye vumbi kwa kijiti. Kisha, kutoka upande wa sokoni, ikasikika ngoma. Ilikuwa ngoma ya spika kubwa, ile inayotikisa mabati. Muda si mrefu kichwa cha rafiki yake Mutanu kikatokeza juu ya ua.

"Wayua, gari la kutangaza sabuni limekuja. Wanaocheza vizuri wanapewa zawadi."

"Niko na udongo motoni."

"Kwani udongo utaenda wapi? Gari ndilo litaondoka."

Wayua aliufikiria ukweli huo. Hakuna msichana shuleni kwao aliyecheza kumshinda. Hata mwalimu mkuu alilijua hilo, maana ndiye aliyemkanya asicheze kwenye foleni ya uji. Alifunua gunia, akachimba udongo kwa kijiti, akakichoma kiazi. Kijiti kilikatika. Kiazi kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia.

"Mbona umesimama?" Mutanu akauliza.

"Nafikiria."

"Fikiria ukitembea."

Hapo ndipo Wayua alipoikumbuka sufuria ya jikoni. Asubuhi walikunywa chai kwa viazi vya kuchemsha, na kimoja kilibaki. Alikimbia jikoni, akakichukua, akakifukia pale pale katikati ya pipa. Kile kibichi alikitupa kwenye majani ya ndizi. Alisubiri kidogo ili kiazi kipya kipate joto na kionekane mwenyeji, halafu akaita, "Susu, kimeiva."

Susu alikuja akijipangusa mikono. Alikichimbua kiazi, akakimenya, akakiuma. Alitafuna polepole, kama mtu anayesikiliza kitu.

"Kimeiva vizuri," alisema. "Lakini kina chumvi."

"Chumvi, Susu?"

"Chumvi. Kama kimepikwa jikoni."

"Labda ni udongo, Susu. Ule wa upande wa pili wa msitu."

Susu aliutazama udongo kwa makini, akakitazama kipande cha kiazi kilichobaki, akakimalizia mdomoni.

"Inawezekana," alisema. "Ng'ombe wa baba yangu walikuwa wakilamba ardhi upande huo."

Wayua aliomba ruhusa ya kwenda kusoma kwa akina Mutanu. Alienda sokoni, akacheza mpaka mwenye kipaza sauti akasahau kutaja sabuni, akarudi na beseni kubwa la buluu. Beseni hilo hakuweza kulieleza nyumbani, kwa hiyo alilificha katikati ya mikahawa. Kuku mmoja akalipenda, akaanza kutagia humo.

Uongo wa kiazi ungeishia hapo kama Susu angenyamaza. Hakunyamaza. Jumapili baada ya ibada aliwaeleza akina mama kuwa udongo wake una chumvi yake wenyewe, wala hauhitaji kuongezewa. Kwenye kikundi cha uyoga alieleza tena, na mkulima mmoja akaomba kopo la udongo huo mbuzi wake walambe. Aliporudi kusema kwamba mbuzi waliunusa tu wakaondoka, Susu alimwambia mbuzi wake hawana ladha.

Basi kitanda cha kwanza kikavikwa udongo ule. Uliobaki ulitiwa kwenye gunia, ukangojea kitanda cha pili kiwe tayari.

Mzee Masila alikuja kukiona kitanda. Alikuwa mzee mrefu, mwenye macho makubwa ambayo hayakupepesa sana. Naye alikuwa mkulima wa uyoga, mwanachama wa kikundi hicho hicho. Alisimama mlangoni akakitazama kwa muda mrefu.

"Nzisa," alisema, "kitanda hiki ni kizuri. Sijawahi kuona kitanda kama hiki maishani mwangu."

Baada ya siku chache kitanda kilianza kuharibika. Nyuzi nyeupe zilififia, kana kwamba mtu anazifuta. Mboji ililoa, ikawa nyeusi, ikanuka kama mtaro ulioziba. Uyoga uliotokeza ulikuwa wa kuhesabika, nao ulikuwa wa kahawia na wenye utelezi. Susu aliinama juu ya kitanda, akainuka, akatoka nje na kwenda moja kwa moja mpaka kwenye ua wa jirani.

"Masila," aliita. "Jicho lako limeua uyoga wangu."

Mzee Masila alikuwa akimsugua punda wake. "Jicho lipi?"

"Yote mawili. Ulisifu kupita kiasi."

"Nzisa, huyu punda namtazama kila siku, na namsifu. Mbona hajafa?"

"Punda amekuzoea."

"Basi kama jicho langu ni baya hivyo, punda wangu pia asije kwako. Asije akaangalia mtungi wako ukapasuka."

Kuanzia siku hiyo punda hakuvuka ua. Maji ya boma yalihitajika kama kawaida, na mtoni palikuwa bondeni kama kawaida. Wayua aliubeba mtungi mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, akaupanda mlima akiwa ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Mutanu alitembea kando yake, mikono mitupu.

"Jicho la mzee limefanya kazi kweli," Mutanu alisema. "Umekuwa mfupi."

Wayua aliivuta kamba, akaendelea kupanda. Hakujua ni kitu gani kilikuwa kinakula kitanda, lakini alijua kiazi kile kilitoka wapi. Kila alipopanda mlima, mtungi ulimkumbusha.

Mambo yakazidi. Susu alitangaza kwamba kwenye mkutano wa kikundi angetaka Mzee Masila aondolewe. Kikundi ndicho kilichokusanya uyoga wa wote na kumpelekea Bi Habiba, mwenye hoteli mjini Machakos. Mtu akitolewa kikundini, uyoga wake angeula mwenyewe mpaka achoke. Na si hilo tu. Kitanda cha pili kilikuwa tayari kuvikwa, kimejaa nyuzi nyeupe, na mbegu nyingine hazikuwapo msimu huo. Gunia la udongo lilisimama kando yake likingoja.

"Susu," Wayua alijaribu, "tupike tena huu udongo uliobaki?"

"Wa nini? Kiazi si kiliiva?"

"Kiliiva, Susu, lakini..."

"Nilikila mimi mwenyewe. Udongo hauna kosa. Kosa liko kwa Masila."

Wayua akachukua ufagio, akafagia kulizunguka gunia.

Siku tatu kabla ya mkutano alifika Bi Zamzam, afisa wa kilimo. Alikuwa mwenyeji wa Mumbuni, kijana bado, na kila aliloambiwa aliitikia kwa kutikisa kichwa taratibu, hata kama hakukubaliana nalo. Alimsikiliza Susu mpaka mwisho, pamoja na habari za macho ya Mzee Masila.

"Nimeelewa, Susu," alisema. "Sasa nipe glasi mbili na maji ya kunywa."

Alichukua udongo kidogo kutoka kitandani, akaufunga kwenye kitambaa, akakining'iniza ndani ya glasi moja ili kiguse maji. Akachukua mwingine kutoka kwenye gunia, akafanya vivyo hivyo kwenye glasi ya pili. Alisema ziachwe mpaka kesho.

"Tunapika chai?" Susu akauliza.

"Tunawapa wageni nafasi ya kutoka," Bi Zamzam akajibu.

Kesho yake alirudi na lenzi ya mkono na kipande cha karatasi nyeusi. Aliyamwaga maji ya juu, akabakiza ya chini kabisa, akaitegesha glasi ya kwanza kwenye jua juu ya karatasi. Akamwita Susu aangalie.

Susu aliangalia kwa muda. "Kuna nyuzi," alisema. "Nyembamba kuliko unywele." Kisha akasogeza jicho karibu zaidi. "Zinacheza."

"Hizo ni nematodi, Susu. Ni minyoo midogo sana. Inazifyonza nyuzi za uyoga mpaka zinaisha, halafu mboji inaloa na kunuka. Huja na udongo mbichi, au maji machafu, au viatu vyenye matope. Jicho la mtu haliileti."

Wayua alipewa lenzi. Minyoo ilijikunja na kujinyoosha, ikazungusha viuno bila kupumzika, kama iliyokuwa mbele ya gari la sabuni. Alirudisha lenzi haraka.

"Sasa tuangalie glasi ya gunia," Bi Zamzam alisema. "Gunia halijaingizwa kitandani, na Mzee Masila hajaliona." Akaangalia. "Imo humu pia."

"Labda aliliona kupitia dirishani," Susu akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Huenda. Hebu niambie, udongo ulipikwa?"

"Ulipikwa. Kiazi kiliiva mpaka ndani. Tena si kiazi cha kawaida, mwanangu. Udongo wetu una chumvi yake. Kiazi kilitoka pipani kikiwa na chumvi kabisa."

Bi Zamzam aliinamia glasi, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko minyoo ilivyohitaji. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa mtulivu.

"Mvuke huivisha kiazi, Susu," alisema. "Sijawahi kuona ukikitia chumvi." Alianza kukausha lenzi yake kwa pindo la mtandio.

Kuku mmoja alitangaza kule kwenye mikahawa kwamba ametaga. Wayua alijua kwamba angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwuliza kitu. Kesho gunia lingemwagwa kwenye kitanda cha pili, na keshokutwa Mzee Masila angesimamishwa mbele ya watu na kuambiwa macho yake ni mabaya.

"Susu," alisema. "Kile kiazi kilikuwa cha chai."

"Cha chai gani?"

"Kile kilichobaki asubuhi. Cha pipani kilikuwa kigumu. Nilikitupa nikaweka cha jikoni, kisha nikaenda kucheza kwenye gari la sabuni. Sikwenda kusoma. Nilipewa beseni. Liko kwenye mikahawa, na kuku anatagia humo." Alivuta pumzi. "Mzee Masila hajafanya kitu. Ni mimi."

Susu alikaa kwenye kigoda. Wayua alingoja kugombezwa. Badala yake Susu aliuliza polepole, "Kwa hiyo ile chumvi ni yangu mwenyewe? Niliyoitia kwenye sufuria?"

"Ndiyo, Susu."

"Na nimewaambia kanisa zima."

"Ndiyo, Susu."

Susu akajifunika uso kwa leso. Mabega yalitikisika. Wayua alidhani analia, mpaka aliposikia sauti ikimtoka, nayo ilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akamshika mkono Bi Zamzam asianguke. Kisha akajipangusa, na uso uliobaki chini ya leso haukuwa wa kucheka.

"Wale mbuzi walikuwa na akili kuliko mimi," alisema. "Haya. Utakwenda kwa Masila, wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Halafu utarudi tufanye kazi."

Mzee Masila alikuwa akimkatia punda majani. Wayua alimwamkia kama babu yake, "Umau," akamweleza yote bila kuruka kitu. Mzee alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo jicho langu halina kitu," alisema hatimaye.

"Halina, Umau."

Alionekana kusikitika kidogo. "Unajua kijana aliyeazima jembe langu tangu mvua za mwaka jana alilirudisha juzi, bila kuulizwa? Na sokoni nikiangalia ndizi tu, mwuzaji ananiongezea ili nisizisifu." Alikata majani mengine. "Lakini watoto wa njia hii waliacha kunisalimia. Wanapita mbio wameinamisha vichwa. Hilo lilinikaa vibaya."

"Nisamehe, Umau. Nitalisema mbele ya kikundi."

"Nimekusamehe. Na bibi yako je?"

"Yuko nje ya lango. Anaona haya."

"Nzisa," mzee akaita. "Ingia, nimefumba macho."

Susu aliingia akitazama viatu vyake. "Masila, nilikukosea."

"Ulinikosea. Na punda pia."

"Nisamehe. Na punda pia."

Kazi ilianza mchana huo huo. Kama Bi Zamzam alivyowaelekeza, walitoa mboji yote ya kitanda kilichooza, wakaipeleka mbali na nyumba na kuifunika kwa karatasi ya nailoni ipigwe na jua. Mbao waliziosha na kuzipaka chokaa. Gunia la udongo lilirudi pipani, na Wayua akakaa kando ya moto na kiazi kingine kibichi. Mutanu alikuja kumwita, akaambiwa achukue kigoda akae. Kijiti kilipoingia kwenye kiazi mpaka upande wa pili, Wayua aliongeza kuni akangoja tena, maana Bi Zamzam alisema joto likae ndani kwa muda kabla ya kuepua. Mayai yalitolewa kwenye beseni la buluu, likatiwa maji na dawa ya kuua vijidudu, likawekwa mlangoni mwa nyumba ya uyoga. Hakuna aliyeingia bila kukanyaga humo. Kuku alilalamika siku nzima.

Kwenye mkutano wa kikundi Wayua alisimama akasema. Watu walicheka alipofika kwenye chumvi, Susu akiwa wa kwanza, na mwenye mbuzi akadai waombwe radhi. Hakuna aliyezungumzia tena kumtoa Mzee Masila. Kesho yake asubuhi punda alivuka ua, na njiani watoto wawili walisimama wakamsalimia mwenye punda.

Kitanda cha pili kilivikwa udongo ulioiva. Kilipofika wakati wake, kilijaa vichwa vyeupe, vimebanana kama wanafunzi kwenye gwaride la Jumatatu. Bi Zamzam alikuja siku ya kuchuma. Alizamisha viatu kwenye beseni, akainama, akaugusa uyoga mmoja kwa kidole.

"Udongo huu alipika nani?" aliuliza.

"Wayua," Susu akajibu.

"Na nani alimkagua?"

"Hakuna. Mimi nilikuwa kanisani nikiendelea kusahihisha habari za chumvi."

Susu alimpa Wayua kikapu, akamgeukia.

"Mjukuu wangu, siku ile ungeniita ukasema, 'Susu, kiazi ni kigumu nami nataka kwenda sokoni,' ningekukemea kidogo, tukaongeza kuni, basi. Ulinificha, nikaanza kutafuta mkosaji, na nikampata mtu asiye na kosa. Kiazi kibichi hakikutuharibia kitu. Kilichoharibu ni kukaa kimya. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Mimi nami, nikisikia jambo, nitatafuta ukweli kabla ya kutafuta mtu."

"Nimeelewa, Susu."

Wayua alianza kuchuma, akizungusha kila uyoga taratibu kama alivyofundishwa. Bi Zamzam na Susu walikuwa wamegeuka kuelekea mlangoni, wakizungumza habari za Bi Habiba, mkono wake ulipoteleza. Uyoga mkubwa kuliko yote ukaanguka sakafuni ukapasuka vipande viwili. Hakuna aliyeona.

"Susu," Wayua akasema, "nimevunja mmoja. Ule mkubwa."

Susu hakugeuka. "Nimesikia," alisema. "Weka kwenye sufuria yetu."